Kodi ya miezi sita inakula nyongeza ya mshahara

Mfanyakazi wa Mbeya au Iringa hulipwa mshahara mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba wake hutaka kodi ya miezi sita, mara nyingine ya mwaka mzima, taslimu, kabla ya kumkabidhi ufunguo. Tumelizoea jambo hili hadi hatulihoji tena. Tunaamini sasa lihojiwe, kwa sababu linawazuia watu kuacha kazi zenye malipo duni na kwenda kwenye zenye malipo bora, na wanaothubutu kuhama linawaumiza.

Sababu za kuhama zipo. Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Miezi michache baadaye ikatangazwa nyongeza ya kima cha chini kwa sekta binafsi, kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari 2026. Zote mbili ni nyongeza njema. Hata hivyo, kati ya kima cha huku na cha kule limebaki pengo la zaidi ya Sh140,000, na mwalimu wa shule binafsi ya Kihesa, Iringa, analiona, kama anavyoliona karani wa duka la jumla pale Mwanjelwa, Mbeya.

Ndiyo maana ajira za Serikali zikitangazwa watu hufurika. Mwanzoni mwa 2025, nafasi 14,648 za ualimu ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Usidhani wote hao walikuwa vijana wanaokaa nyumbani bila kazi. Wapo wenye kazi tayari. Wanachotafuta ni kazi inayolipa.

Wasiopata hugeukia kwingine. Mhasibu huacha ofisi na kwenda Chunya, ambako dhahabu ya Lupa imekuwa ikiita watu tangu miaka ya 1920. Mwalimu hununua Bajaji na kubeba abiria kati ya Uyole na Kabwe. Wengine huingia kwenye parachichi za Rungwe na Njombe, au mbao za Mafinga. Na kwa zaidi ya miaka 20 kulikuwa na njia nyingine iliyopendwa sana na wasomi wa mikoa hii: miradi ya Ukimwi.

Tuitazame njia hiyo, maana ina funzo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Kwa hiyo fedha za wafadhili, hasa za Marekani, zilimiminika huku, na pamoja nazo ajira za ushauri nasaha, takwimu, maabara na udereva. Muuguzi au mwalimu aliyeingia mradini alipata mshahara ambao kazi yake ya awali isingempa. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisaini agizo la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi ikatikisika. Waliokuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja waligundua kwamba mshahara mnono na kazi ya kudumu ni vitu viwili tofauti. Nyumba walizopanga kwa kipimo cha mshahara ule ziliendelea kudai kodi ileile.

Kuhama kutafuta malipo si jambo geni katika Nyanda hizi za Juu Kusini. Enzi za ukoloni, Wanyakyusa walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakachukuliwa na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua, hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wabena na Wahehe walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Ulikuwa mfumo wa kinyonyaji na hatuusifu. Lakini hata mnyonyaji yule alijua kwamba mfanyakazi hawezi kufika bila nauli wala kufanya kazi bila mahali pa kulala, akaweka usafiri na kambi. Mwajiri wa leo hutuma barua inayosema uripoti tarehe moja. Nauli, dalali na kodi ya miezi sita ni juu yako.

Hebu tupige hesabu. Huu ni mfano, lakini makato yake ni ya sheria. Mwalimu wa shule binafsi Iringa analipwa Sh400,000 na anadaiwa mkopo wa elimu ya juu. Anakatwa asilimia 10 ya Hifadhi ya Jamii, Sh40,000. Kinachobaki kinatozwa kodi ya mapato ya asilimia 8 kwa sehemu inayozidi Sh270,000, yaani Sh7,200. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, Sh60,000. Mkononi anabaki na Sh292,800.

Anapata kazi Mbeya kwa Sh550,000. Kwenye karatasi nyongeza ni Sh150,000. Hifadhi ya Jamii inachukua Sh55,000, kodi ya mapato Sh18,000, mkopo wa elimu Sh82,500. Mkononi Sh394,500. Nyongeza halisi imekuwa Sh101,700.

Chumba chake cha Iringa kilikuwa cha Sh60,000 kwa mwezi. Mbeya amepata cha Sh80,000. Ongezeko la kodi la Sh20,000 linaipunguza nyongeza hadi Sh81,700.

Sasa gharama za kuhama. Iringa alilipa miezi sita na amekaa miwili. Miezi minne iliyobaki, Sh240,000, hairudishwi. Dalali wa Mbeya anataka kodi ya mwezi mmoja, Sh80,000. Kusafirisha vyombo na nauli tukadirie Sh100,000. Jumla ya hasara ni Sh420,000. Kwa nyongeza ya Sh81,700 kwa mwezi, itamchukua zaidi ya miezi mitano kuifidia. Mwezi wa sita unapoisha, mwenye nyumba anagonga mlango akitaka kodi ya miezi sita mingine.

Na hiyo ni kama alikuwa na akiba. Ili ahamie chumba kipya alihitaji Sh480,000 za kodi, Sh80,000 za dalali na Sh100,000 za usafiri. Jumla Sh660,000, zaidi ya mshahara mpya wa mkononi wa mwezi mmoja na nusu, na hajalipwa hata senti moja. Wengi hawana fedha hizo. Huzipata kwa ndugu, kwenye kikoba, au kwa wakopeshaji wa kausha damu. Akikopa zote kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni Sh132,000. Nyongeza aliyohamia ni Sh81,700. Amehama ili amtajirishe mkopeshaji.

Hatari nyingine imo kwenye sheria za kazi, na wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki, lakini ulinzi huo haumhusu aliye na ajira ya chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Aliyehama anaanza upya. Akiachishwa mwezi wa tatu, mlango wa kudai kwamba ameonewa ni mwembamba mno. Na kwa kuwa aliiacha kazi ya kwanza kwa hiari, hawezi kurudi nyuma kudai fao la kukosa ajira kwa ajili yake, maana fao hilo, linalolipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, ni la aliyeondolewa kazini, na lazima awe amechangia angalau miezi 18. Hivyo miezi sita ambayo sheria haimlindi ndiyo hiyohiyo sita aliyoilipia kodi kwa mkupuo. Kazi ikipotea, na kodi imepotea.

Na kodi za nyumba zenyewe zinapanda. Kwa nini? Watu wameongezeka. Sensa ya 2012 iliikuta Mbeya Jiji na watu 385,279. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 540,000. Manispaa ya Iringa imevuka 200,000 kutoka takribani 151,000. Barabara ya njia nne kutoka Uyole kwenda Ifisi inajengwa, na viwanja vya pembeni yake vinapandishwa bei kabla lami haijakauka. Fedha za dhahabu ya Chunya huja mjini kutafuta nyumba.

Halafu vipo vyuo. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, Teofilo Kisanji, na tawi la Mzumbe. Iringa ina Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha. Mabweni hayatoshi, kwa hiyo wanafunzi hupanga mitaani. Mwenye mkopo wa Serikali hupokea fedha ya chakula na malazi, Sh10,000 kwa siku tangu 2022, kwa mkupuo. Likiingia “boom”, kama wanafunzi wanavyoiita fedha hiyo, anaweza kulipa muhula mzima siku hiyohiyo. Mwenye nyumba akishaonja malipo ya mkupuo kutoka kwa mwanafunzi, haoni sababu ya kumpa mwalimu au muuguzi masharti tofauti. Hatumlaumu mwanafunzi, naye anabanwa vilevile. Tunasema anayelipwa kwa mkupuo na anayelipwa kwa mwezi wanawekewa masharti yaleyale, na wa pili ndiye anayeumia.

Hatuwafanyi wenye nyumba kuwa maadui pia. Wengi wao si matajiri. Ni mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba vinne kwa kiinua mgongo chake, au mjane wa Ilomba anayesomesha wajukuu kwa kodi hiyo. Kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua bati na saruji ya chumba kinachofuata, kwa sababu mkopo wa benki wa kujengea ni ghali au hana hati ya kuuombea. Amewahi kukimbiwa na mpangaji usiku, akaachiwa bili ya maji na kitasa kilichovunjika. Kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai miezi miwili ya kodi ni kupoteza muda na nauli. Malipo ya mkupuo ndiyo bima yake. Anayetaka kuyaondoa lazima ampe bima nyingine.

Nchi hii haikuwa hivi siku zote. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyorithi nyingine za kabla yake, na mabaraza yaliyopanga kodi ya haki. Ilifutwa mwaka 2005. Kufutwa kwake kulikuwa na hoja: kodi iliyogandishwa iliwakatisha tamaa wajenzi, na nyumba nyingi zilizeeka bila matengenezo kwa sababu mapato hayakutosha hata kununua rangi. Hatuombi sheria ile ifufuke. Kiwango cha kodi kipangwe na soko. Tunachoomba kidhibitiwe ni muda wa malipo ya awali.

Majirani wanaonyesha kwamba inawezekana. Nairobi, mpangaji wa kawaida hulipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, kisha hulipa kila mwezi, na bado watu wanajenga nyumba za kupangisha kila kona ya jiji lile. Uganda ilitunga Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji mwaka 2022, ikaweka ukomo wa asilimia 10 kwa ongezeko la kodi la mwaka.

Lakini tujihadhari na kuamini sheria tupu. Ghana ina sheria ya mwaka 1963 inayokataza kudai kodi ya zaidi ya miezi sita. Pamoja na sheria hiyo, wenye nyumba wa Accra wamezoea kutaka ya mwaka mmoja hata miwili, kwa sababu nyumba ni chache na hakuna anayewashtaki. Mwaka 2023 Serikali ya Ghana ikaamua kujaribu njia nyingine: mpango wa kumlipia mpangaji kodi ya awali, naye airudishe kidogo kidogo kila mwezi. Funzo ni kwamba katazo pekee halitoshi. Mwenye nyumba na mpangaji wote wapate njia ya kuishi nalo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, Bunge litunge sheria ya upangaji inayoweka ukomo wa malipo ya awali: miezi mitatu kwa kuanzia, kisha mwezi mmoja mmoja, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa mpangaji akiacha chumba salama. Sheria hiyo iseme pia kwamba mpangaji akitoa notisi ya mwezi mmoja, arudishiwe kodi ya miezi ambayo hajakaa. Kipengele hicho kimoja tu kingemwokolea mwalimu wetu Sh240,000.

Pili, halmashauri zisisubiri Bunge. Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa zinaweza kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, upatikane bure katika ofisi za serikali za mitaa na ushuhudiwe na mtendaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata kama ni wa mdomo. Lakini mkataba wa mdomo ukifika kwenye baraza huwa ni neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine. Maandishi yatamlinda mwenye nyumba dhidi ya anayekimbia, na mpangaji dhidi ya anayepandisha kodi katikati ya mwaka.

Tatu, madalali wasajiliwe mtaa kwa mtaa, na malipo yao yajulikane. Leo mtu analipia kuonyeshwa chumba, halafu analipia kukipata, na mara nyingine chumba chenyewe kimeshapangishwa kwa mwingine.

Nne, waajiri wanaovuta watu kutoka mkoa mwingine watoe malipo ya awali ya mshahara kwa ajili ya kodi, yakatwe kwa miezi sita au zaidi. Haiwagharimu kitu ila subira, na watapata mfanyakazi anayefikiria kazi badala ya deni. SACCOS za walimu na watumishi nazo zianzishe mkopo wa kodi wenye riba nafuu, unaolipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kila mwanachama aliyekopeshwa hivyo ni mmoja aliyeepushwa na kausha damu.

Tano, vyuo vijenge mabweni, au viingie ubia na Shirika la Nyumba la Taifa na mifuko ya hifadhi ya jamii vijengewe. Kila kitanda kipya Iyunga au Mkwawa ni chumba kimoja kilichoachiwa mfanyakazi mtaani.

Kwa anayefikiria kuhama kesho, kabla sheria haijabadilika, tuna ushauri wa haraka. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika mkataba mpya uliosainiwa. Uliza mkataba ni wa muda gani, na kama ni wa mradi, uliza fedha za mradi zinaisha lini. Linganisha kiasi cha mkononi baada ya makato yote; tarakimu ya kwenye tangazo inadanganya. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria ni siku 28, kwa hiyo ikiwezekana panga siku ya kuripoti iangukie pale kodi yako ya sasa inapoisha. Mwombe mwajiri mpya mwezi mmoja wa kusubiri. Waajiri hukubali mara nyingi kuliko tunavyodhani. Ukiwa na ndugu au rafiki Mbeya, kaa kwake mwezi wa kwanza, changia chakula, ujue mtaa upi uko karibu na kazi kabla hujafunga fedha zako kwa miezi sita Mbalizi huku ukifanya kazi Uyole. Na kama kazi bora inahitaji ujuzi mpya, kozi fupi za VETA zipo Mbeya na Iringa. Jifunze jioni ukiwa bado unalipwa.

Ushauri huo utamsaidia mtu mmoja mmoja. Hautabadilisha mfumo. Uchumi unakua pale fundi mzuri anapoweza kwenda anakohitajika na mwajiri mbovu anapojua kwamba watu wake wanaweza kumwacha. Mfanyakazi aliyefungwa na kodi aliyokwisha kuilipa hawezi kumwacha mtu yeyote, na mwajiri wake anajua. Kwa njia hiyo kodi ya mkupuo inawashushia mishahara hata wale ambao hawajawahi kufikiria kuhama.

Serikali imeshapandisha mishahara mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kwa gharama kubwa kwa hazina na kwa waajiri. Kuweka ukomo wa kodi ya awali hakuhitaji bajeti, wala mkopo, wala mfadhili. Kunahitaji muswada mmoja na wabunge walio tayari kuusimamia. Wabunge wa Mbeya na Iringa wawe wa kwanza kuuwasilisha, na wapiga kura wao wawaulize kila wanaporudi jimboni umefikia wapi.